Paa lavuja na mvua hainyeshi

PICHA hiyo ilitufikia Jumamosi moja ya Januari mwaka wa 2023. Binamu yangu, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, alikuwa amesimama kando ya barabara akaipiga picha nyumba yake, kisha akaituma kwa jamaa wote kupitia simu. Theluji ilikuwa imefunika ua hadi magotini. Kwenye ukingo wa paa, kutoka pembe moja hadi nyingine, ilikuwa imening'inia mikuki ya barafu, mingine mirefu kama mtoto wa darasa la pili, yote ikimetameta juani.

Shangazi alipoonyeshwa picha hiyo kule Nyamira, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa fahari, "Nyumba ya mwanangu imevishwa shanga."

Sote tulikubaliana naye. Binamu yangu na mumewe walikuwa wameinunua nyumba hiyo miezi minane tu iliyotangulia, baada ya miaka tisa ya kufanya kazi zamu mbili kwa siku. Kama kuna nyumba iliyostahili kuvishwa shanga, basi ni hiyo.

Siku chache baadaye simu yangu ililia usiku wa manane.

"Dada, maji yanadondoka katika chumba cha watoto."

"Bomba limepasuka?"

"La, si bomba. Yanatoka kwenye dari. Godoro limelowa chepechepe."

"Basi ni mvua."

"Mvua gani, dada? Nje ni nyuzi 15 chini ya sufuri! Hapa hata mate yanaganda."

Kulipopambazuka shemeji yangu alichukua ngazi na shoka, akapanda kwenda kupigana na barafu iliyokuwa imejijenga ukingoni mwa paa. Aliipasua kidogo, akavipasua pia vigae vilivyokuwa chini yake, kisha ngazi ikateleza. Alivunjika kifundo cha mguu. Alikaa nyumbani mwezi mmoja na nusu bila kwenda kazini, na karo ya mdogo wake aliyekuwa chuoni hapa Nairobi ikachelewa muhula huo. Hayo yote yaliletwa na zile shanga.

Nimekikumbuka kisa hicho kwa sababu ni nadra siku hizi kuipata familia ya mjini ambayo haina mtu wake ng'ambo. Minnesota, hasa viunga vya Minneapolis, ni mojawapo ya sehemu za Marekani zenye Wakenya wengi. Wengine wako Massachusetts, wengine Canada. Walianza kwa kupanga vyumba, lakini sasa wananunua nyumba, na nyumba ya nchi ya theluji ina mambo yake ambayo sisi tuliozaliwa chini ya mabati hatukufunzwa na mtu. Nawe mwanafunzi unayejiandaa kwenda kusoma huko, soma pia. Huenda ukapangishwa chumba cha juu kabisa, karibu na paa, na maji yakishuka yataanza na kitanda chako.

JOTO LA NDANI

Tuanze na chanzo chake, kwani asiyejua chanzo hupigana na kivuli.

Katika miezi ya baridi nyumba ya huko hupashwa joto mchana na usiku. Mara nyingi kuna tanuri la gesi katika chumba cha chini ya nyumba, na joto lake husambazwa vyumbani kwa mabomba mapana. Joto, kama moshi wa jikoni kwa nyanya, hupenda kupanda. Likikuta dari ina nyufa, au blanketi lililotandikwa juu ya dari ni jembamba, hupenya hadi darini, yaani ule uwazi ulio kati ya dari na paa. Huko hulipasha joto paa kutoka upande wa chini.

Juu ya paa hilo kuna theluji. Sisi tunaifikiria theluji kuwa kitu cha baridi tu, lakini theluji ni blanketi pia. Imejaa hewa iliyonaswa katikati ya chembe zake, na hewa iliyonaswa haipitishi joto upesi. Kwa hivyo joto linalotoka ndani ya nyumba hunaswa chini ya theluji, na tabaka lililogusana na paa huyeyuka hata kama nje kuna baridi ya kukata masikio.

Maji hayo huanza kuteremka chini ya theluji bila kuonekana, na safari yao ni njema mpaka yafike kwenye upenu. Upenu, kama ujuavyo, hutokeza nje ya ukuta. Chini yake hakuna chumba wala tanuri, ni hewa ya baridi tu. Hapo maji huganda. Kesho yake mengine huja na kugandia juu ya yale ya jana. Baada ya siku kadhaa huwa kumejengeka kingo ya barafu katika ukingo wote wa paa. Maji yanayofuata hukosa njia, yakasimama nyuma ya kingo hiyo kama yanavyosimama katika bwawa la Masinga. Yale machache yanayofurika ndiyo hudondoka na kuganda yakawa mikuki, hizo shanga za shangazi.

Sasa bwawa limejengwa juu ya paa, na paa halikuundwa kubeba bwawa. Nyumba nyingi za huko huezekwa kwa vigae vya lami vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki. Ni kanuni ile ile ya makuti ya Lamu na Malindi. Makuti hayazuii maji kwa kuwa hayana matundu. Huyazuia kwa kuyateremsha haraka. Yafanye maji yasimame juu ya makuti uone kama utalala pakavu. Vivyo hivyo, maji yaliyosimama nyuma ya kingo ya barafu hupanda kinyumenyume chini ya vigae, yakapita kwenye misumari na viungo vya mbao, yakalowesha blanketi la darini, yakashuka ndani ya ukuta au kwenye dari ya chumba cha watoto.

Ndipo watu huulizana: paa lavuja vipi na mvua hainyeshi?

PAA LENYE UPARA

Fundi wa kwanza aliyeitwa na binamu yangu alisema dawa ni kung'oa paa lote na kuezeka jipya. Wa pili alitaka kuwauzia nyaya za stima za kutandazwa ukingoni ili ziyeyushe barafu. Kila mmoja alikuja na bei yake, na bei zote mbili zilikuwa za kumtoa mtu machozi.

Aliyewasaidia ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee aliyestaafu, ambaye hakuwa akiuza chochote. Alimshika binamu yangu mkono, akamvusha barabara na kumwambia ageuke atazame. Paa lake lilikuwa na upara: theluji ilikuwa imeyeyuka katikati, ikabaki viraka viraka, na kwenye ukingo kulikuwa na barafu nene. Paa la mzee lilikuwa jeupe lote, theluji imelala kama ilivyoanguka, na kwenye upenu wake hapakuwa na mkuki hata mmoja.

Lililomkata binamu yangu maini ni kwamba mwanawe wa kwanza alikuwa akijigamba shuleni kuwa nyumba yao ndiyo yenye joto zaidi katika mtaa mzima, mpaka inayeyusha theluji. Kumbe walikuwa wakilipa gesi kila mwezi ili kupasha paa joto!

Hili ndilo ningependa ulishike, msomaji, hata ukisahau mengine yote. Barafu ya ukingoni huonekana juu ya paa, lakini mara nyingi ugonjwa wenyewe uko ndani ya nyumba. Ni joto linalotoroka. Anayepigana na barafu kila mwaka bila kulizuia joto ni kama mtu anayekausha sakafu ilhali mfereji bado umefunguliwa.

Kwa hivyo uchunguzi wa kwanza hauhitaji fundi. Siku moja au mbili baada ya theluji kuanguka, toka nje ulitazame paa lako, kisha utazame ya jirani. Mahali palipo na upara juani pengine ni kazi ya jua. Lakini upara upande wa kivulini, au unaofuata bomba la moshi na taa za darini, hiyo ni kazi ya nyufa zako mwenyewe.

Majira hayo ya 2022 kuingia 2023 yalizifichua nyumba nyingi. Minneapolis na St. Paul, ambazo kwa kawaida hupata theluji ya sentimita 130 hivi kwa msimu, zilipata takriban sentimita 229, kiwango cha tatu kwa ukubwa tangu rekodi zianze kuwekwa. Boston nayo iliyaonja hayo katika msimu wa 2014 kuingia 2015, ilipopata sentimita 281, nyingi kuliko msimu wowote katika rekodi za jiji hilo. Nyumba ambazo hazikuwahi kuvuja zilivuja mwaka huo. Theluji inapokuwa chache, ufa hujificha. Inapokuwa nyingi, ufa hutangazwa kwa majirani.

ZIBA UFA

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sidhani walikuwa na Minnesota akilini, lakini hata mhandisi wa huko hana ushauri ulio bora kuliko huo. Kazi hii ifanywe mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla ya baridi kuingia.

Nyufa za kutafutwa si zile za lipu unazoziona ukilala chali. Ni matundu yaliyojificha: mahali ambapo bomba la maji machafu hupenya dari kwenda nje, kando ya bomba la moshi, palipotobolewa kwa ajili ya nyaya za stima, kuzunguka taa zilizozamishwa ndani ya dari, na juu ya kuta za vyumba ambapo mbao hukutana na dari. Mlango mdogo wa kupandia darini ni mwizi mkubwa. Mara nyingi huwa ni ubao mwembamba uliowekwa tu bila mpira wa kuziba kingo zake, ilhali mlango wa mbele wa nyumba hiyo hiyo ni mnene na umezibwa kila upande.

Namna nyepesi ya kuzitafuta ni kwa udi. Siku ya upepo na baridi, washa kijiti cha udi ukisogeze polepole karibu na mahali unapopashuku. Moshi ukivutwa kuelekea juu, hapo pana ufa. Mafundi wa kupima nyumba wana njia ya uhakika zaidi: hufunga feni kubwa mlangoni ikavuta hewa ya ndani kwenda nje, kisha hutumia kamera inayoonyesha joto ili kuona mahali hewa inapopenya. Huko Minnesota kampuni za gesi na stima huwapa wateja wao huduma ya ukaguzi wa namna hii, mara nyingi kwa bei nafuu. Binamu yangu alikuwa akilipa bili zao mwezi baada ya mwezi bila kujua kuwa angeweza kuwaomba ukaguzi.

Matundu madogo huzibwa kwa gundi ya silikoni au povu la mkebe linalofura na kukauka. Lakini kuzunguka bomba la moshi, ambalo hupata moto, usitumie povu la kawaida. Hapo hutumika bati jembamba na gundi maalumu isiyoshika moto. Aidha, feni ya bafuni haifai kumwaga mvuke wake darini. Katika nyumba ya binamu yangu ndivyo ilivyokuwa: kila mtoto alipooga maji moto, mvuke wote uliishia chini ya paa. Bomba la feni hiyo lapaswa kutoka nje kabisa.

BLANKETI

Ufa ukishazibwa ndipo blanketi huongezwa, na si kabla. Wengi hukimbilia kununua blanketi kwa sababu ndilo linaloonekana, lakini hewa yenye joto hupenya blanketi lisilozibwa chini yake kama upepo unavyopenya sweta iliyofumwa.

Blanketi lenyewe huwa la nyuzi za kioo, au la karatasi zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, ambazo hupulizwa kwa mashine hadi zijae darini. Katika majimbo ya baridi kama Minnesota unene unaopendekezwa kwa karatasi hizo ni sentimita 35 au zaidi. Ukipanda darini ukaona mbao zinazoshikilia dari zimetokeza juu ya blanketi, ujue ni jembamba mno.

Kuna tahadhari mbili kwa wanaonunua nyumba za zamani. Kwanza, ukiona darini pamemwagwa vijiwe vyepesi vya kahawia au kijivu vinavyong'aa, usiviguse wala kuvifagia. Huenda ni vemikulaiti, na nyingi ya vemikulaiti iliyouzwa Marekani zamani ilichimbwa Libby, katika jimbo la Montana, ikiwa imechanganyika na asbesto ambayo huharibu mapafu. Waite wataalamu. Pili, nyaya kuukuu za stima zilizofungwa kwenye vikombe vya kauri zisifunikwe kwa blanketi kabla ya fundi wa stima kuzikagua, kwani zinaweza kupata joto na kuleta moto.

Jambo la tatu baada ya ufa na blanketi ni hewa. Darini panatakiwa pawe baridi karibu sawa na nje, ili paa lote liwe na baridi moja. Ndiyo maana kuna matundu chini ya upenu, ambamo hewa baridi huingia, na mengine karibu na mgongo wa paa, ambamo hutokea. Kosa la kawaida ni blanketi kusukumwa hadi likaziba matundu ya upenu. Mafundi hodari hupigilia vibao vyembamba katikati ya kombamoyo ili kuacha njia ya hewa. Hata hivyo, kumbuka mpangilio: kuongeza matundu ya hewa bila kuziba nyufa ni kulifungulia joto njia nyingine ya kutoroka.

Kama paa limechakaa na lazima liezekwe upya, huo ndio wakati wa kudai ngozi ya lami inayonata itandikwe ukingoni kabla ya vigae. Sheria za ujenzi katika maeneo ya baridi huitaka ianzie ukingoni na kupita mstari wa ukuta wa nje kwa angalau sentimita 60 kuelekea ndani. Ngozi hiyo haizuii barafu kujengeka. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyosimama yasiingie nyumbani. Hata nyumba njema yaweza kupatikana na mwaka mbaya, na akiba haiozi.

LIKISHATOKEA

Je, barafu ikiwa tayari imejengeka na maji yanadondoka, utafanya nini?

Ndani ya nyumba, zima stima ya chumba hicho ikiwa maji yako karibu na taa. Dari ikifura kama tumbo, weka ndoo chini yake kisha uitoboe kwa bisibisi pale palipoinama zaidi. Tundu moja dogo ni afadhali kuliko dari nzima kuporomoka usiku. Piga picha za kila kitu kwa ajili ya kampuni ya bima, na usome mkataba wako vizuri. Kuna bima zinazolipia dari na zulia lakini hazilipii kuiondoa barafu yenyewe.

Nje, simama ardhini. Kuna reki ya theluji yenye mpini mrefu wa alumini, ambayo huvuta theluji kutoka paani bila mtu kupanda. Kuondoa theluji ya mita moja na zaidi kutoka ukingoni huyapunguza maji yanayolisha bwawa. Angalia nyaya za stima zilizo juu yako kabla ya kuuinua mpini huo, wala usisimame chini ya mikuki ya barafu. Mkuki mmoja mkubwa una uzito wa kutosha kumpasua mtu kichwa.

Ikibidi kuyafungulia maji njia, wenyeji huijaza soksi ndefu nyepesi ya akina mama kwa chumvi iitwayo kalsiamu kloridi, wakailaza ikikatiza kingo ya barafu, ncha yake ikitokeza nje ya ukingo. Chumvi huyeyusha mfereji mwembamba na maji hupata pa kupitia. Chumvi ya kawaida ya mawe haifai, kwani huharibu misumari, mabati na mimea. Kwa barafu kubwa, waite wenye mashine za mvuke. Hutoza mamia ya dola kwa saa, lakini mvuke huikata barafu bila kuvipasua vigae. Anayekuja na mashine ya maji ya kasi kama ya kuoshea magari, mwambie arudi alikotoka.

Shoka, nyundo na moto wa gesi si vifaa vya paa. Muulize shemeji yangu.

Zile nyaya za stima alizotaka kuuza fundi wa pili zina mahali pake, hasa kwenye paa lenye kona nyingi ambazo haziwezi kurekebishwa. Lakini katika nyumba ya kawaida, nyaya hizo humaanisha kuwa unalipa gesi kuyeyusha theluji, kisha unalipa stima kuyeyusha barafu iliyotokana na gesi hiyo.

Kwa anayepanga, usinunue chochote. Mwandikie mwenye nyumba mara uonapo upara paani au barafu nene ukingoni, na uhifadhi nakala ya barua hiyo. Anayesubiri hadi maji yashuke ndiye huulizwa kwa nini hakusema mapema.

GESI ISIYONUKA

Kuna onyo moja ambalo siwezi kuliacha. Nyumba iliyozibwa vizuri haina mchezo na moshi. Tanuri la gesi au mtambo wa kuchemshia maji ukikosa hewa, waweza kurudisha ndani gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Baada ya kuziba nyufa, fundi apime kama moshi wa mitambo hiyo unatoka nje sawasawa. Baada ya theluji nyingi, hakikisha mabomba ya moshi yanayotokea ukutani hayajafukiwa. Kila nyumba iwe na king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala, na kijaribiwe mara kwa mara.

Kwa ndugu zetu wenye mazoea ya kwao: jiko la makaa lisiingizwe ndani hata kama stima imepotea na baridi inauma. Hapa kwetu tumezika watu kwa sababu ya jiko lililoachwa chumbani usiku. Katika nyumba iliyozibwa kwa ajili ya theluji hatari yake ni kubwa zaidi.

SHANGA ZIMEKWENDA WAPI?

Oktoba ya 2023 binamu yangu aliwaita mafundi. Walikaa darini siku mbili wakiziba matundu, wakalielekeza bomba la feni ya bafuni nje, wakaupa mlango wa darini mpira na kifuniko, kisha wakapuliza blanketi. Paa halikung'olewa, ila vile vigae alivyovipasua shemeji ndivyo vilivyobadilishwa.

Hakupata kujisifu upesi. Majira ya baridi yaliyofuata, kuanzia Desemba 2023 hadi Februari 2024, yalikuwa na joto kuliko yote katika rekodi za Minnesota, na kwa wiki nyingi hapakuwa na theluji ya kujaribia kazi. Ilimbidi asubiri. Theluji ya kutosha ilipoanguka hatimaye, alivuka barabara asubuhi, akasimama pale pale alipowahi kusimamishwa na yule mzee, akapiga picha nyingine na kututumia. Paa lilikuwa jeupe lote, na ukingo wake ulikuwa mkavu.

Shangazi aliitazama picha hiyo kule Nyamira, akaitazama tena, uso ukasinyaa. Akampigia simu.

"Mwanangu, kuna shida gani huko? Shanga za nyumba zimekwenda wapi?"

"Mama," binamu yangu alimjibu huku akicheka, "nimezigeuza karo."

Shangazi hakuelewa, nami sikumweleza siku hiyo. Lakini wewe msomaji umeelewa. Kama una mtu wako katika nchi ya theluji, mpigie simu kabla ya Oktoba kwisha. Usimuulize tu kama amenunua koti. Muulize ni lini mara ya mwisho alipanda darini.

Tukutane tena Jumapili ijayo.